MIWANI BILA MIKONO

Kuna mabishano hayajaisha kijiweni kwetu miaka na miaka. Upande mmoja unasema gemu za uhalisia pepe, yaani zile ambazo mchezaji anavaa miwani mikubwa kama ya mchomelea vyuma na kujikuta yuko ndani ya dunia iliyotengenezwa na kompyuta, ndizo zitakazozika televisheni na simu. Upande wa pili unasema mambo hayo yameshakufa na kufufuka mara kibao, na mfu anayefufuka kila baada ya miaka kumi si wa kuaminiwa. Mimi nimeishia kidato cha nne. Sina cheti cha uhandisi, nina madaftari matatu ya riwaya ambayo haijapata mchapishaji. Ila napenda historia, na nimeona mabishano yale hayana historia ndani yake. Kila mtu anatabiri kesho bila kuuliza jana ilikuwaje.

Ndugu msomaji, naomba nikusimulie jana hiyo kwa kufuata kiungo kimoja tu cha mwili, nacho ni mkono. Nimesoma habari za mashine hizi tangu zile za kwanza mpaka hizi za juzi, na hoja yangu ni moja. Kwa miaka sitini mafundi na matajiri wamemwaga mshiko kwenye macho: picha iwe safi, miwani iwe nyepesi. Lakini kila safari aliyeamua kama mashine itaishi au itachemsha alikuwa mkono. Unashika nini? Unachoka baada ya dakika ngapi? Na hicho unachoshika kinauzwa bei gani? Anayetaka kuijua kesho ya gemu hizi aangalie mikono ya wachezaji.

WAANDISHI WALITANGULIA

Jambo la kututia moyo sisi wenye kalamu ni kwamba ndoto hii haikuanzia karakana. Mwaka 1935 Mmarekani Stanley Weinbaum alichapisha hadithi fupi iitwayo Pygmalion's Spectacles. Ndani yake mtu anavaa miwani iliyobuniwa na profesa mmoja, na mara anaona, anasikia, ananusa, anaonja na kugusa dunia nyingine kabisa. Mwaka huo hata televisheni ilikuwa bado haijaingia majumbani. Mwaka 1984 William Gibson akatoa riwaya ya Neuromancer, habari za wezi wanaoingia kwa akili zao ndani ya mtandao wa kompyuta. Aliiandika kwa taipureta, tena isiyotumia umeme. Mwaka 1992 Neal Stephenson akatoa Snow Crash, na humo ndimo lilimotoka neno metaverse. Miaka 29 baadaye, Oktoba 2021, kampuni ya Facebook ikabadili jina lake na kujiita Meta kwa ajili ya neno hilo. Si haba kwa mtunzi wa riwaya.

Sasa tazama walivyolikwepa swali la mkono. Weinbaum kamketisha mhusika wake kitini. Gibson kawapachika wahusika wake nyaya kichwani ili mawazo yafanye kazi yote. Katika hadithi unaruhusiwa kuruka. Unaandika kwamba msichana alinyoosha mkono akachuma ua, basi, ua limechumwa. Fundi hawezi kuruka. Yeye lazima ajue mkono wa msichana uko wapi hewani, umeelekea upande gani, vidole vimekunjwa kiasi gani, na lile ua ambalo halipo litamgusaje. Historia yote inayofuata ni ya watu waliokuja kulipa deni ambalo waandishi waliliacha.

PIKIPIKI ISIYOKATA KONA

Wa kwanza ninayemtaja ni Morton Heilig, mtu wa sinema wa Marekani. Mwaka 1962 alipata hataza ya mashine aliyoiita Sensorama. Ilikuwa kama kibanda cha mtu mmoja. Unakaa, unaingiza uso, unaonyeshwa safari ya pikipiki katika mitaa ya Brooklyn. Kiti kinatikisika, feni inakupiga upepo, na harufu za mtaani zinakujia puani. Heilig alikuwa na akili nyingi kupita wakati wake, lakini matajiri hawakumpa fedha, na mashine yake haikuenda popote. Mimi naona tatizo lilikuwemo ndani ya mashine yenyewe pia. Safari ile ilikuwa filamu iliyokwisha kupigwa. Ukitaka kukata kona uingie uchochoro mwingine, pikipiki haikusikii. Ulikuwa abiria tu.

Mwaka mmoja baadaye, 1963, kijana mwingine aitwaye Ivan Sutherland alionyesha pale MIT programu yake ya Sketchpad. Mtu alishika kalamu ya mwanga, akaigusisha kwenye skrini na kuchora, na kompyuta ikamwelewa. Angalia alikoanzia: alianza na mkono. Mwaka 1965 aliandika makala fupi akitabiri chumba ambacho kompyuta ingeweza kuumba hata kiti cha kukalia. Mwaka 1968, akiwa Harvard pamoja na mwanafunzi wake Bob Sproull, akatengeneza kofia ya kwanza ya namna hii tunayoijua: ukigeuza kichwa, picha nayo inageuka. Ilikuwa nzito mno kubebwa na shingo ya mtu, kwa hiyo ikafungwa kwenye mkono wa chuma ulioning'inia darini. Watu wakaitania jina la Upanga wa Damocles, ule upanga wa hadithi ya kale ulioning'inia kwa unywele mmoja juu ya kichwa cha mtu. Na uliona nini ndani yake? Mistari mitupu yenye umbo la boksi. Boksi lenyewe ulilizunguka, ukalitazama huku na huku, ila kulishika hukuweza.

GITAA LISILOKUWEPO

Miaka ikapita. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akatokea Thomas Zimmerman, aliyekuwa na hamu moja ya kitoto: alitaka kupiga gitaa la hewani, kama wanavyofanya vijana mbele ya kioo, lakini litoe muziki wa kweli. Akatengeneza glavu yenye mirija midogo inayopitisha mwanga. Ukikunja kidole, mwanga unapungua, na kompyuta inajua kidole kimekunjwa. Ndiyo hiyo tu. Naipenda habari hii kwa sababu haikuanza na vita wala biashara. Ilianza na mtu anayetaka kucheza.

Zimmerman akaungana na Jaron Lanier, yule mwenye nywele ndefu za rasta aliyelieneza jina lenyewe la uhalisia pepe. Kampuni yao, VPL Research, ikauza glavu kwa karibu dola 9,000. Wanunuzi walikuwa maabara na mashirika makubwa. VPL baadaye ikaishiwa na kuingia kwenye ufilisi, lakini kabla ya hapo glavu ilikuwa imeshashuka mpaka dukani kwa watoto. Mwaka 1989 kampuni ya Mattel ilitoa Power Glove kwa mashine za Nintendo huko Marekani, kwa bei isiyofika dola 100. Ili bei ishuke hivyo, mirija ya mwanga ilitupwa, ikawekwa mistari ya wino unaopitisha umeme. Mahali mkono ulipo palijulikana kwa sauti ambazo sikio la mtu halizisikii: glavu inalia, vinasa sauti vitatu vilivyofungwa kwenye televisheni vinasikiliza, mashine inapiga hesabu.

Kwa fundi, hiyo ni kazi ya kuvuliwa kofia. Kwa mchezaji, ilikuwa kimeo. Gemu zilizotengenezwa maalumu kwa ajili yake zilitoka mbili tu, Bad Street Brawler na Super Glove Ball. Nyingine zote zilikuwa gemu za pedi ya kawaida, na mchezaji ilimbidi abonyeze namba kwenye vitufe vilivyokaa mkononi ili glavu ijifanye pedi. Hebu nyoosha mkono wako mbele sasa hivi, msomaji, uuache hapo huku ukiendelea kusoma. Kabla hujamaliza ukurasa bega litakuwa linawaka. Watoto wale waliambiwa wamenunua mkono wa kesho, kumbe wamenunua uchovu.

TISINI NA KITU

Muongo uliofuata ulikuwa wa makelele mengi. Mwaka 1991 kampuni ya Virtuality ya Leicester, Uingereza, ilipeleka mashine zake kwenye kumbi za michezo. Mchezaji alisimama ndani ya duara, kofia kichwani, kishikio chenye kitufe mkononi. Gemu yake maarufu, Dactyl Nightmare, ilikuwa ya watu kuwindana kwa bunduki huku mtambaazi mkubwa wa kale arukaye akipita juu kuwanyakua. Picha zilikuwa kama za maboksi, lakini watu walipanga foleni. Kwa nini? Kwa maoni yangu, kwa sababu ukisogeza mkono, bunduki nayo inasogea. Ila mashine zilikuwa ghali mno kuingia nyumbani kwa mtu, na mwaka 1997 kampuni ikafilisika.

Sega nao walitangaza miwani yao, wakaionyesha mwaka 1993, na mwaka uliofuata wakaifuta kabla haijaingia dukani. Nintendo walifika dukani, na pengine bora wasingefika. Virtual Boy ya mwaka 1995 ilikuwa miwani iliyosimamishwa mezani kwa miguu miwili. Mchezaji aliinama kuchungulia picha nyekundu kwenye giza, pedi ya kawaida mikononi. Kichwa kikigeuka, mashine haikuwa na habari. Bei ilikuwa dola 180. Hazikuuzwa hata 800,000, na haikumaliza mwaka mmoja sokoni. Mbunifu wake, Gunpei Yokoi, alikuwa mtu yuleyule aliyewapa Nintendo Game Boy. Akaacha kazi mwaka 1996, na mwaka 1997 akafa kwa ajali ya barabarani. Nikisoma habari zake huwa nasikitika. Game Boy ilikaa viganjani mwa watu milioni nyingi kwa sababu ilitengenezwa kufuata kiganja. Virtual Boy ilitengenezwa kufuata jicho.

RIMOTI YA BIBI

Baada ya hapo miwani ikawa jambo la kuchekwa. Mkono ukaendelea na safari yake peke yake, tena bila miwani.

Novemba 2006 Nintendo wakatoa Wii kwa dola 250, wakati wenzao Sony walikuwa wanauza PlayStation 3 kwa dola 499 na 599. Picha za Wii zilikuwa duni ukilinganisha. Ila mchezaji alipewa kitu kama rimoti ya televisheni. Ndani yake kuna kidude kidogo kinachopima mtikiso, na mbele yake kamera ndogo inayotazama taa zisizoonekana kwa jicho, zilizowekwa juu au chini ya TV. Ukitaka kupiga mpira wa tenisi, unarusha mkono kama unapiga tenisi. Hakuna cha kufundishwa. Wazee katika nyumba za kulelea wazee walicheza. Watu waliirusha mikono kwa nguvu mpaka rimoti zikawa zinachomoka na kupiga TV, na mwezi uliofuata, Desemba 2006, Nintendo wakalazimika kutoa mikanda mipya ya kifundo cha mkono, yenye kamba nene zaidi, kuchukua nafasi ya mikanda kama milioni 3.2. Mimi sijui ushahidi mzuri kuliko huo: mtu anayesahau kwamba ameshika plastiki ameshaingia kwenye dunia ya gemu, na hajavaa miwani yoyote. Wii ziliuzwa zaidi ya milioni 101.

Mwaka 2007 mtafiti kijana aitwaye Johnny Chung Lee alionyesha kwenye video kwamba ukigeuza mpangilio, rimoti ikae kwenye TV na taa zikae kichwani kwako, skrini ya kawaida inageuka kama dirisha lenye kina. Vifaa vyake vilikuwa vya dukani tu. Baadaye alikwenda Microsoft kufanya kazi kwenye Kinect.

Hiyo Kinect ilitoka Novemba 2010 na ilikuwa na wazo la kinyume: usishike kitu chochote, kamera itakuona mwili mzima. Ziliuzwa milioni 8 katika siku 60 za kwanza. Halafu wachezaji wakagundua kwamba mkono mtupu una shida zake. Bunduki haina kifyatulio, usukani hauna usukani. Unapiga ngumi, hakuna kinachokurudishia pigo. Mwaka 2017 utengenezaji wake ukasimamishwa. Mafundi wa roboti na madaktari waliipenda Kinect kuliko wachezaji walivyoipenda.

KIJANA WA GEREJI

Miwani ilirudi kwa mlango wa nyuma, na mlango huo ulikuwa simu. Simu za mkononi zilishusha bei ya skrini ndogo na vipima mtikiso mpaka kijana yeyote mwenye bisibisi akaweza kuvinunua. Palmer Luckey wa California, aliyekuwa akiunga vifaa kwenye gereji ya wazazi wake, alikuwa na miaka 19 Agosti 2012 alipoomba umma umchangie dola 250,000 kwa ajili ya miwani yake ya Oculus Rift. Alipata zaidi ya dola milioni 2.4. Machi 2014 Facebook wakatangaza kuinunua kampuni yake kwa dola bilioni 2.

Ungedhani kwa fedha hizo somo la mkono lingekuwa limeeleweka. Rift ilipoingia sokoni Machi 2016 kwa dola 599, ndani ya boksi lake ilikuwamo pedi ya kawaida ya Xbox! Unaingia dunia mpya, ukitazama chini mikono huna. Siku chache baadaye HTC na Valve wakatoa Vive kwa dola 799, yenye vishikio viwili na visanduku vya kumulika chumba kizima, ili mashine ijue kila mkono uko wapi. Ilikuwa ghali zaidi, lakini aliyeijaribu aliinama kuokota kitu sakafuni na akakiokota. Oculus walivitoa vishikio vyao vya Touch Desemba mwaka huohuo, kwa dola 199 za nyongeza. Sony walifanya la kuchekesha zaidi. PlayStation VR yao ya Oktoba 2016 ilitumia rimoti za Move, zile zenye mpira wa taa kichwani, ambazo walizitoa mwaka 2010 kushindana na Wii. Miwani ya mwaka 2016, mikono ya mwaka 2010.

Mwaka 2018 kikundi kidogo cha mafundi wa nchi ya Cheki kikatoa Beat Saber. Mchezaji anashika panga mbili za mwanga na kukata maboksi yanayokuja kwa mdundo wa muziki. Kila ukikata, kishikio kinatetemeka kidogo kiganjani. Hakuna picha za kutisha, hakuna hadithi. Ikawa mojawapo ya gemu zilizopendwa kuliko zote katika fani hii, na mwaka 2019 Facebook wakainunua kampuni nzima. Mwaka huohuo wakatoa Quest, miwani isiyohitaji kompyuta wala waya, kwa dola 399. Mwaka 2020 Quest 2 ikashuka mpaka dola 299. Nao Valve, Machi 2020, wakatoa Half-Life: Alyx, gemu ambayo mchezaji anavuta kitu kutoka mbali kwa kukunja kifundo, kisha anakidaka. Waulize walioicheza wanakumbuka nini. Wengi watakutajia kule kudaka.

KESHO

Basi, kesho itakuwaje? Njia ziko tatu, na zote ni za mkono.

Ya kwanza ni ya kushika kitu. Vishikio vya PlayStation VR2, iliyotoka Februari 2023, vina vifyatulio vinavyoweza kukaza, ili upinde ukivutwa kidole kihisi ugumu wa kamba. Ya pili ni ya mkono mtupu. Apple walipotoa Vision Pro Februari 2024 kwa dola 3,499 hawakuweka kishikio chochote: jicho linachagua, vidole viwili vinabana, basi. Kwa kufungua picha na kuandika barua, safi sana. Kwa gemu, ngoma ilikuwa nzito, na mwaka 2025 Apple haohao wakaruhusu vishikio vya Sony vitumike na miwani yao. Tajiri kama yule akirudi kuomba kitu cha kushika, tujue Kinect ilisema kweli. Ya tatu ni ya kifundo cha mkono. Septemba 2025 Meta walitangaza miwani ya kawaida yenye skrini ndogo, inayoendeshwa kwa mkanda unaosoma umeme wa misuli ya mkono. Kidole kinasogea kidogo tu, hata mkono ukiwa umelala pajani, na mashine imeelewa. Mkanda huo unaondoa ule uchovu wa bega ulioua Power Glove. Ila nao haukurudishii pigo.

Utabiri wangu, na uwekwe kwenye kumbukumbu, ni huu. Mkono mtupu utatawala kazi za ofisini na za kutazama. Katika gemu kitu cha kushika hakitaondoka, bali kitazidi kuwa kidogo na cha kujitutumua, mpaka siku glavu ya kuhisi mguso itakaposhuka bei kama ilivyoshuka skrini ya simu. Glavu za namna hiyo zipo maabara. Meta walionyesha ya kwao mwaka 2021. Kutoka maabara mpaka dukani ndiko VPL walikofia. Na fedha hazitoshi kufupisha safari. Kitengo cha Meta kinachoshughulikia mambo haya kilipata hasara ya dola bilioni 17.7 kwa mwaka 2024 peke yake.

NA SISI JE?

Dola 299 ni zaidi ya laki saba za Kitanzania. Huo ni mtaji wa genge la nyanya, na chenji inabaki. Kwa hiyo mtaani kwetu gemu bado ni ya kibandani: PlayStation ya mtumba, benchi, mchezaji analipia mechi. Muulize mwenye kibanda kitu gani kinamla faida. Hatakutajia skrini. Atakutajia pedi, analogi zilizolegea na vitufe vilivyozama, na fundi anayezifungua kila wiki. Hata hapa, miaka sitini ya historia ile unaiona kwenye sanduku la pedi mbovu chini ya meza.

Na kuna jambo wabunifu wa California hawalijui. Kibandani anacheza mmoja na wanaona kumi. Wanazomea, wanafundisha, wanawekeana dau la soda. Miwani inamfunika mchezaji peke yake, wale tisa wanabaki wanamtazama mtu anayepapasa hewa. Tena jasho la uso mmoja linahamia uso mwingine, na siku za joto la Dar sijui nani atakubali zamu ya kumi. Wii ilishinda kwa sababu sebule nzima iliona mkono wa bibi na skrini kwa pamoja. Mashine itakayoshinda kwetu lazima ichezeke hadharani. Kijana wa huku akikaa kuibuni, asianze na miwani.

Tukizungumzia mikono, kuna mingine ambayo matangazo hayaionyeshi. Miwani isiyo na waya inaishi kwa betri ya lithiamu, na betri nyingi za namna hiyo zina kobalti ndani yake. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, sehemu kubwa kuzunguka Kolwezi, ambako watu wanazungumza Kiswahili kama mimi na wewe. Kuna migodi mikubwa yenye mashine, na kuna wachimbaji wadogo wanaofukua kwa sululu na mikono. Januari 2016 Amnesty International pamoja na shirika la Kongo la Afrewatch walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba miongoni mwao wamo watoto. Mtoto wa rika la aliyevaa Power Glove mwaka 1989. Sisemi tuvunje miwani. Nasema historia ya mkono katika mashine hizi haijakamilika kama mkono huo haumo.

Sasa nirudi kwenu wenzangu wa kalamu. Tangu nisome habari hizi nimekuwa nikipitia madaftari yangu na kutazama mikono ya wahusika. Nimekuta kurasa nzima ambazo watu wanaona tu: wanaona machweo, wanaona umati, wanaona machozi. Hakuna anayeshika kikombe cha moto wala kamba ya ndoo. Fundi alilipa mabilioni ya dola kujifunza kwamba mtu haamini dunia mpaka aiguse. Sisi tunaweza kujifunza hilohilo kwa bei ya kalamu.

Na lipo deni kubwa zaidi. Weinbaum aliandika miwani yake mwaka 1935, na mafundi wakahangaika miongo mingi kuifikia. Gibson aliandika kwa taipureta, na watu wenye kompyuta wakamfuata. Hadithi hizo zote zina mtu mmoja, peke yake, anayeikimbia dunia yake. Mpaka leo sijasoma hadithi ya mashine ya watu kumi kwenye benchi moja, iliyobuniwa na mtu anayejua joto, mgao wa umeme na pedi mbovu, na inayomkumbuka anayechimba. Mafundi wa kesho watakwenda kutafuta ndoto mahali, kama walivyokwenda wa jana. Nani kati yetu ataiandika? Mimi daftari la nne nimeshalinunua.